Kipupwe si baridi ya Ulaya: Majira, jamaa na safari katika historia ya pwani

KILA mwezi wa Julai ukifika, redio na magazeti hutukumbusha tuvae mavazi mazito. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutuarifu kuhusu mawingu na ubaridi katika nyanda za juu, nao wanahabari wetu hulitoa neno moja tamu walilokuwa wameliweka akiba: kipupwe. Kisha Januari huja, theluji ikaanguka Ulaya na Marekani, na neno lile lile likatumiwa tena. Tunaambiwa eti kipupwe kimetatiza usafiri wa ndege London.

Hivi majuzi mwalimu mmoja wa shule ya upili aliniletea swali lililonifurahisha. Wanafunzi wake walikuwa wakitafsiri kifungu cha historia kinachosema kwamba majahazi ya Uarabuni yalikuja Mombasa na Zanzibar kwa pepo za majira ya baridi. Nusu ya darasa iliandika "pepo za kipupwe". Nusu nyingine iliacha "pepo za majira ya baridi". Mwalimu alitaka kujua nani apewe alama.

Jibu langu ni kwamba aliyeandika kipupwe amezigeuza pepo. Jahazi lake lingetweka tanga likasukumwa kurudi lilikotoka. Kosa hilo linaonekana dogo, lakini likiachwa hivi hivi litatufutia sura nzima ya historia ya watu wetu: walisafiri lini, walikutana lini na jamaa zao, na kwa nini miezi fulani ilikuwa ya furaha na mingine ya hofu. Hebu tulitazame suala hili polepole.

Shuleni wengi wetu tulifunzwa majira manne kama mafiga yaliyozidi moja: masika, kiangazi, vuli na kipupwe. Kila moja likapewa mwenzake wa Uingereza. Vuli likawa msimu wa majani kupukutika, ilhali vuli yetu ni mvua chache za Oktoba hadi Desemba, wakati ambapo majani huchipua. Kiangazi likawa Julai ya Ulaya, ilhali kiangazi cha pwani ni jua la Desemba hadi Machi. Kipupwe likawa theluji.

Ukweli ni kwamba mtu wa pwani hakuhesabu mwaka kwa majira manne. Alihesabu kwa pepo na kwa mvua, akazisuka pamoja. Kuna kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi. Kuna kusi, unaoanza kuvuma mwezi wa Aprili na kupamba moto Juni na Julai. Baina yake mna maleleji, siku za pepo zisizo na msimamo, ambazo mabaharia waliziita pia tanga mbili. Kusi likianza kulegea, tangu Agosti hivi, huingia demani, bahari ikatulia na safari zikawa nyepesi. Mvua nazo zina ratiba yake: masika hunyesha kusi likianza, mchoo hudondoka katikati ya mwaka, na vuli hutangulia kaskazi. Kipupwe ni ule ubaridi wa Juni hadi Agosti, ndani ya kusi. Mombasa wakati huo joto la mchana bado hukaribia nyuzi 28. Hiyo ndiyo baridi tunayotaka kuifananisha na barafu ya Moscow!

Uzito wa pepo hizi unaonekana katika majina ya dira. Mashariki na magharibi tuliyapata kutoka Kiarabu, nayo yanahusu kuchomoza na kuzama kwa jua. Lakini kaskazini ni mahali pa upepo wa kaskazi, na kusini ni mahali pa kusi. Hata neno msimu linatokana na neno la Kiarabu, mawsim, ambalo Wareno walilichukua, na kutoka kwao Waingereza wakapata jina lao la pepo hizi. Kwa hivyo tunapozungumza kuhusu msimu tunaitaja bahari bila kujua.

Sasa, pepo hizi hutoka wapi? Desemba inapofika, bara la Asia hupoa sana. Hewa nzito ya baridi hukaa juu ya nchi kavu, kisha husukumwa kuelekea baharini na Ikweta, ambako kuna joto. Hewa hiyo ndiyo kaskazi yetu. Julai mambo hugeuka: sehemu za kusini mwa dunia ndizo zilizo katika baridi, Asia inatokota, na hewa husafiri kutoka kusini kwenda kaskazini. Hilo ndilo kusi. Kwa maneno mengine, pwani yetu iko kati ya baridi mbili za watu wengine. Moja hutuletea kaskazi pamoja na kiangazi. Nyingine hutuletea kusi pamoja na kipupwe. Wataalamu wanaposema "pepo za majira ya baridi" katika Bahari ya Hindi, baridi wanayoitaja ni ya Asia, na upepo wanaoutaja ni kaskazi. Mwanafunzi akiandika kipupwe, amelipeleka jahazi safarini Julai badala ya Januari.

Huu si ujuzi wa jana. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kijulikanacho kama Periplus, kinataja safari za kuja pwani hii hadi mji wa Rhapta. Kinaeleza pia kwamba manahodha na mawakala wa Kiarabu walikuwa wakioa katika jamii za hapa na kuifahamu lugha ya wenyeji. Tafakari hilo, msomaji wangu. Karibu miaka elfu mbili iliyopita, tayari familia za pwani zilikuwa zimegawanywa na bahari na kuunganishwa na upepo.

Maana ya jambo hilo nyumbani ni rahisi kuielewa. Nahodha aliyefika Lamu au Mombasa kwa kaskazi hangeweza kurudi kwao kesho yake hata akitaka. Ilimbidi asubiri kusi. Miezi hiyo ya kusubiri ndiyo iliyowafanya wageni wakae, wauze, wakope, waoe na wazae. Mke wa Mombasa alijua kwamba mumewe ataondoka masika yakianza. Mke wa Sur au Kuwait alijua kwamba mumewe hataonekana mpaka kusi limrudishe. Mtoto aliweza kujua umri wake kwa kuhesabu kaskazi ngapi zimepita tangu baba aondoke. Deni nalo lilifuata ratiba hiyo hiyo: bidhaa zilichukuliwa msimu huu, malipo yakafanywa msimu ujao. Ukimwambia mfanyabiashara wa wakati huo akulipe baada ya siku 30, angekushangaa.

Mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri kwa jahazi la Kuwait kati ya 1938 na 1939, akaandika kitabu kiitwacho Sons of Sindbad. Jahazi hilo liliondoka Aden Desemba, likapitia pwani ya Uarabuni kuchukua abiria, kisha likateremka kwa kaskazi hadi Mogadishu, Lamu, Mombasa na Zanzibar. Mwisho likaingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, zilizohitajika kuezekea nyumba katika nchi za Ghuba zisizo na miti. Abiria walirundikana sitahani pamoja na vyombo vyao vya kupikia. Wanawake waliwekwa ndani, chini ya sitaha ya nyuma. Walikuwamo waliokuwa wakienda kujaribu bahati na waliokuwa wakiwafuata jamaa waliotangulia. Ilikuwa ni jamii nzima inayosafiri, si mzigo wa tende na chumvi peke yake.

Hata hivyo, nisingependa tuipake historia hii asali. Kaskazi ilileta ndugu, lakini ilileta pia wezi wa watu. Katika karne ya 19, wakazi wa mji wa Zanzibar waliogopa miezi hiyo kwa sababu baadhi ya mabaharia kutoka kaskazini waliiba watoto na watumwa na kuwaficha majahazini hadi upepo ugeuke. Wazazi waliwafungia watoto ndani giza likiingia. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba katika miaka ya 1860 Sultan Majid alipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini katika miezi ya mwanzo wa mwaka. Biashara yenyewe haikuguswa wakati huo, kwani soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka wa 1873, katika enzi ya Barghash. Marufuku ya Majid ilifuata kalenda ya upepo. Msomaji asiyejua kaskazi ni lini ataiona sheria hiyo kama kitendawili. Anayejua ataelewa mara moja kwamba ilikusudiwa kuyabana majahazi ya msimu.

Tuje sasa kwenye kipupwe chenyewe. Juni na Julai kusi huwa na nguvu nyingi. Bahari ya Uarabuni huchafuka, na katika enzi za matanga, bandari nyingi za magharibi mwa India zilikuwa kama zimefungwa. Hapa kwetu wavuvi wa vyombo vidogo hadi leo hujizuia kuvuka mwamba, wakavua ndani ya hori na vijito. Kwa hivyo kipupwe kilikuwa wakati wa watu kuwa nyumbani. Vyombo vilipandishwa pwani vikakwanguliwa, vikatiwa kalafati na kupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Nyavu zilishonwa. Mavuno ya masika yalikuwa yamepatikana au yamekaribia. Ubaridi ule mwanana, ambao mshairi au mpenzi yeyote wa lugha huusifu, ulifaa kwa mikutano, ngoma na mazungumzo marefu barazani.

Ni katika kipindi hiki ambapo leo husherehekewa Mwaka, yaani Nairuzi. Jina hilo lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni siku mpya. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili. Siku 360 hugawanywa katika miongo 36, kila mwongo ukiwa wa siku kumi, na siku tano huongezwa. Mabaharia na wakulima waliutumia mwaka huu, si ule wa Kiislamu, kwa sababu mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na huzunguka majira yote. Aliyetaka kujua lini atweke tanga au lini apande mpunga alihesabu siku tangu Nairuzi.

Lakini hesabu hii nayo ina ufa wake. Haina siku ya ziada ya mwaka mrefu, hivyo kila miaka minne husogea nyuma kwa siku moja. Katikati ya karne ya 19 Siku ya Mwaka ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Leo, huko Makunduchi kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa hufanyika Julai. Sherehe iliyowahi kukaribisha demani sasa imeangukia ndani ya kipupwe. Bado watu huenda baharini kuoga, hupigana kwa magomba ya migomba ili kumaliza kinyongo, na kibanda huchomwa moto. Bado inaaminiwa kwamba si vyema nyumba kukosa mgeni siku hiyo. Jamaa waliotawanyika hurudi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Waswahili, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1903, aliipa siku hii nafasi miongoni mwa desturi za watu wake. Alijua kwamba jamii hujitambua kwa siku zinazoikutanisha.

Kutoyajua majira haya kuliwahi kuleta maafa. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi likianza, akiwa na rubani anayeijua njia. Siku 26 baadaye alikuwa Calicut. Wakati wa kurudi hakusubiri. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya kaskazi kushika. Safari ikamchukua karibu miezi mitatu, na alipofika Malindi Januari 1499, watu wake wapatao 30 walikuwa wamekufa kwa kiseyeye. Bahari ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni mwezi wa kung'oa nanga, jambo ambalo mabaharia wa Malindi walilijua vyema tangu utotoni.

Je, Waswahili hawakuijua baridi ya kweli? Waliijua, na lugha ilikuwa na maneno yake. Theluji ni neno lenye asili ya Kiarabu, barafu lina asili ya Kiajemi. Johannes Rebmann alipokiona kilele cheupe cha Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wake wa safari aliulizwa kuhusu ule weupe, naye akajibu kwa neno moja: baridi. Wapo wanaolicheka jibu hilo kama ishara ya ujinga. Mimi naliona tofauti. Yule bwana alitaja kile ambacho weupe ule ungemfanyia mtu akiufikia. Kwake baridi ilikuwa hali inayoushika mwili, wala haikuwa jina la msimu.

Baadaye Waswahili waliishi kabisa katika baridi ya Ulaya. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, aliondoka Zanzibar mwaka wa 1866, akaolewa Aden na kuhamia Hamburg, ambako alifiwa na mumewe mwaka wa 1870 na kuachwa na watoto watatu wadogo. Salim bin Abakari alivuka Urusi hadi Siberia mwaka wa 1896, na simulizi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1901 katika mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli. Mtoro mwenyewe alifundisha Kiswahili Berlin, akaoa huko, na kufia huko mwaka wa 1927. Watu hawa walilazimika kujifunza mwaka mwingine, ambao baridi yake huwafungia watu ndani, madirisha yakazibwa na jiko likawa kitovu cha nyumba. Kuuita mwaka huo kwa majina ya Lamu ni kuwanyima haki ya ugeni walioupitia.

Mwanaisimu atanipinga kwa kusema kwamba maneno huhama maana. Ni kweli, tena mfano mzuri upo karibu. Kiswahili kina masika, mvua kubwa. Kizulu na Kixhosa vina ubusika, na kule maana yake ndiyo majira ya baridi. Shina ni lile lile, -sika, lakini kila jamii ya Kibantu imelivika hali ya hewa ya kwao. Ndiyo hoja yangu hasa. Wazulu hawakulihamisha neno hilo ili lifanane na kitabu cha mtu mwingine. Lilikaa mahali pao likashika maana ya mahali pao.

Nasi wa bara tuna la kujifunza. Mimi nilikulia nyanda za juu, ambako kwa Kikuyu miezi hiyo ya ukungu huitwa gathano. Utotoni, gathano ilikuwa wakati wa kukaa karibu na meko kwa nyanya, viazi vikichomwa majivuni, huku ng'ombe wakichelewa kutolewa zizini. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ni baridi ya Waingereza. Ilikuwa yetu, na ilikuwa na kazi zake. Leo familia nyingi za Kenya hukutana Desemba, nauli ya matatu ikipaa na barabara za kwenda mashambani zikifurika. Kadi za salamu tunazotumiana wakati huo zina picha za theluji, ilhali nje jua ni la kiangazi na kaskazi inavuma Mombasa. Kukutana Desemba si vibaya hata kidogo. Vibaya ni mtoto kutojua kwamba upepo anaouhisi akiwa Lamu likizo hiyo ndio uliomleta babu wa babu wa mwenyeji wake.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwa walimu, watafsiri na wanahabari. Kwanza, baridi ya Ulaya, Marekani na Asia tuiite majira ya baridi. Msemo huu upo, unaeleweka, na haumdanganyi mtu kuhusu mwezi. Pili, kipupwe tukiachie Juni hadi Agosti za kwetu, pwani na bara. Tatu, somo la majira lisifundishwe kwa jedwali la safu nne. Lifundishwe pamoja na kusi, kaskazi, maleleji na demani, na mwalimu wa Kiswahili amwalike mwenzake wa historia na wa jiografia.

Majahazi makubwa ya Ghuba yalikuwa yamepungua sana kufikia miaka ya 1970, na mwaka wa 1982 Kenya ilipiga marufuku uuzaji wa boriti za mikoko nje ya nchi. Wazee walioisubiri kaskazi kwa macho yao wanazidi kupungua. Wakiondoka, kitakachobaki kueleza maisha yao ni msamiati huu. Mwanafunzi ambaye hajui demani ni lini hawezi kujua kwa nini mama fulani, katika utenzi au katika barua ya zamani, alisimama ufuoni mwezi huo na si mwezi mwingine. Yule mwalimu nilimwambia awape alama walioandika majira ya baridi, kisha awapeleke wote ubaoni wachore njia ya jahazi kutoka Aden hadi Mombasa, wakionyesha upepo na mwezi.